Ukifungua pedi za nyuma, vua na diski uone viatu vya hendibreki

Mhariri,

Shuka mteremko wowote wa Kigoma mjini, hasa huu unaotoka Mwanga kuelekea stesheni ya reli na bandarini, utakutana na mawe yamelala njiani, mengine ukubwa wa nazi. Hayakuporomoka mlimani. Yaliwekwa nyuma ya tairi na dereva au utingo aliyesimama kidogo, kisha gari likaondoka na jiwe likabaki kumsubiri mwenye bodaboda wa usiku. Kila jiwe la namna hiyo linatueleza kwamba gari lililopita hapo halina hendibreki.

Naomba nafasi niseme na wenye magari wanaopenda kujifungulia breki wenyewe nyumbani, na mafundi wenzangu wa Kigoma, Kasulu na Tabora, kuhusu kazi moja tunayoifanya nusu: breki za nyuma za magari yenye diski.

Kwenye Noah, IST na Hiace nyingi, nyuma kuna ngoma, na viatu vinavyosimamisha gari ukikanyaga pedali ndivyo hivyo hivyo vinavyovutwa na kebo ya hendibreki. Fundi akibadili viatu, amemaliza yote mawili. Lakini Prado, Harrier, Mark X, X-Trail na Forester nyingi zina diski nyuma, na ndani ya chungu cha diski, yaani ile sehemu ya katikati iliyobinuka, imefichwa ngoma ndogo yenye viatu viwili vyembamba. Pedali inabana pedi kwenye uso wa diski kwa nguvu ya mafuta. Hendibreki inatanua viatu ndani ya chungu kwa nguvu ya kebo peke yake. Ni breki mbili ndani ya tairi moja, na kila moja ina maisha yake.

Hapo ndipo kosa linapoanzia. Pedi zikiisha, fundi anavua tairi, analegeza boliti mbili za kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, anachomeka pedi mpya, anarudisha tairi, anapokea hela yake. Nusu saa haijafika. Diski haikuvuliwa, kwa hiyo viatu havikuonekana. Gari linaweza kubadilishiwa pedi mara nne au tano na ndani bado mna viatu vile vile lilivyokuja navyo kutoka Japani.

Mtu atasema viatu hivyo haviishi kwa sababu vinashika gari likiwa limesimama. Ni kweli, haviishi kwa kusagika. Vinakufa kwa njia nyingine. Gundi iliyoshika ngozi ya kiatu, yaani ile sehemu inayosugua, kwenye chuma chake inazeeka, kutu inaingia katikati, ngozi inabanduka kipande kizima na kujikunja ndani ya chungu. Au oili ya difu inavuja na kuvilowanisha. Au dereva anasahau hendibreki ikiwa imevutwa nusu na kutembea nayo, viatu vinaungua na kuwa vigumu kama kigae, vinang'aa na havishiki tena. Na huku kwetu kuna la nne, nalo ni tope. Kwenye uso wa chungu kuna tundu dogo la kurekebishia viatu, ambalo linatakiwa kuzibwa na mpira mdogo mweusi. Mpira huo ukipotea, wakati wa mvua maji mekundu ya barabarani yanaingia moja kwa moja, yanachanganyika na vumbi la viatu, na ukija kufungua kiangazi unakuta uji uliokauka ukawa mgumu kama udongo wa kichuguu, ajasta, yaani ile skrubu ya meno inayotanua viatu, imezama humo na haizunguki.

Kabla ya kugusa spana, nunua vitu vyote kwanza. Spea za magari haya kwa Kigoma mara nyingi zinaagizwa Dar es Salaam, na gari lililofunguliwa haliwezi kukaa juu ya stendi siku tatu likisubiri springi moja. Kazi kamili ya ekseli ya nyuma inataka diski 2, pedi 4, viatu 4, seti ya springi na pini zake kwa pande zote mbili, mafuta ya breki nusu lita ya daraja la DOT 3 au lile lililoandikwa kwenye kifuniko cha kopo la gari lako, grisi ya breki inayostahimili joto, grisi ya silikoni kwa ajili ya pini za kalipa, kopo la dawa ya kusafishia breki, msasa na brashi ya waya. Muuza spea mpe namba ya chasisi. Usimwambie tu "Harrier ya 2005", maana mwaka mmoja unaweza kuwa na saizi zaidi ya moja za diski.

Diski mpya ikifika, iweke mezani karibu na maelezo ya ile ya zamani na upime: upana wa nje, unene, kimo cha chungu, kipenyo cha ndani ya chungu ambamo viatu vinashika, na tundu la katikati linaloingia kwenye habu, yaani kitovu ambacho tairi hufungwa. Muuzaji na mnunuzi wote hutazama idadi ya matundu ya boliti wakaridhika, na kumbe chungu ni kifupi kwa milimita chache, na kalipa haikai. Ukinunua za mtumba, soma maandishi yaliyochongwa kwenye chuma chenyewe. Neno MIN TH na namba inayofuata ni unene wa mwisho. MAX DIA ni upana wa mwisho wa ndani ya chungu. Diski ya nyuma ya Prado ya 120, kwa mfano, inaanza na milimita 18 na mwisho wake ni 16. Ikisoma 16.3 bado ni halali kwa leo, lakini si ya kununua. Na wanaozipeleka diski kwa fundi wa mashine ya kuchonga chuma wakumbuke kwamba kipimo hicho kinahesabiwa baada ya kuchonga. Diski nyembamba hupata moto upesi, na ukishuka milima ya Manyovu na mzigo ndipo utajua tofauti yake.

Sasa gari. Tafuta tambarare, na kwa Kigoma hili si jambo dogo: uwanja wa nyumba nyingi umeinama. Kama kwako kumeinama, nenda kafanyie kwa jirani mwenye sakafu ya saruji iliyolala. Sababu ni hii: ili diski itoke, hendibreki lazima iachiwe kabisa, na tairi za nyuma lazima ziinuliwe. Kwa hiyo gari lako halina hendibreki, na gia nayo inaweza isikusaidie. Kwenye Mark X ya kuendesha tairi za nyuma, ukiinua nyuma kote na kuweka P, tairi za mbele zilizobaki chini ziko huru kabisa. Harrier ya kuendesha mbele ina nafuu, P inashika tairi za mbele. Usipige hesabu za gia. Weka kabari za mbao mbele na nyuma ya tairi zote mbili za mbele, uzigonge zikae.

Legeza nati za tairi nusu mzunguko gari likiwa bado chini. Inua kwa jeki, kisha weka stendi za chuma: Prado chini ya ekseli, magari yasiyo na chesisi chini ya ile mikunjo ya bodi iliyowekewa alama. Tofali la kuchoma na tofali la saruji havifai hata kimoja. Tofali halipindi likakupa onyo. Linapasuka ghafla, na mtu yuko chini. Jeki ni ya kuinulia tu, haikuwekwa ishikilie gari wakati mtu anafanya kazi.

Fungua upande mmoja mpaka umalize ndipo uende wa pili. Upande ambao haujaguswa ndio kitabu chako: springi ipi iko juu, ipi ina rangi gani, ndoano inatazama wapi. Piga na picha kwa simu, ukiwa na tochi, kabla hujatoa hata springi moja.

Kalipa ina boliti mbili za pini, mara nyingi spana namba 14, na breketi yake, yaani fremu inayoishikilia, ina mbili kubwa nyuma, mara nyingi 17. Toa kalipa uifunge kwa waya kwenye springi ya gari. Isining'inie kwa paipu yake ya mpira. Paipu hiyo ikivutika hupasuka kwa ndani pasipo kuonekana, kikaratasi cha mpira kinageuka kuwa kizibo, na breki inashika lakini haiachii. Toa pedi na uzitazame zote mbili kwa pamoja. Kama ya ndani imekwisha na ya nje bado nene, pini za kalipa zimekwama. Kama moja imekwisha kwa kuchongoka kama kabari, ni hivyo hivyo. Kuweka pedi mpya juu ya pini zilizokwama ni kutupa pedi. Kiwango cha mwisho cha ngozi ya pedi kwa Toyota nyingi ni milimita 1, lakini anayesafiri kwenda Uvinza na Kaliua asisubiri. Abadilishe ikifika 3.

Hapa sasa diski itagoma kutoka, na hapa ndipo watu huharibu. Inashikwa na vitu viwili: kutu kati yake na habu, na ukingo uliojichonga ndani ya chungu ambao viatu vinaukwama. Kwa kutu, mwaga mafuta ya kulegeza kuzunguka habu, ngoja dakika kumi na tano, kisha gonga kwa nyundo kwenye uso wa chungu katikati ya boliti za tairi, ukizunguka. Usigonge mdomo wa diski kama unafikiria kuitumia tena. Diski nyingi za Kijapani zina matundu mawili yenye nyuzi kwenye chungu: chomeka boliti mbili za milimita 8 zenye nyuzi za 1.25, zikaze kwa zamu, nusu mzunguko huku nusu mzunguko kule, na diski itajisukuma yenyewe. Ikitoka kidogo halafu ikarudi kama imefungwa kwa mpira, basi ni viatu. Zungusha diski mpaka lile tundu dogo liikabili ajasta, ingiza bisibisi bapa na urudishe meno ya ajasta ili viatu visinyae. Upande wa kuzungushia hutofautiana kushoto na kulia. Ukiona diski inazidi kukaza, geuza. Usiichokonoe diski kwa mtarimbo ukiegemea sahani ya bati ya nyuma. Sahani ile ndiyo inayoshikilia viatu, ikipinda hendibreki haitakaa sawa tena.

Diski ikitoka, usipulize vumbi, si kwa mdomo wala kwa kompresa. Viatu vya zamani na vya bei ya chini vinaweza kuwa na asbesto, na vumbi la asbesto likiingia mapafuni halitoki. Linaleta saratani baada ya miaka mingi. Lowesha kwa maji ya sabuni, sugua kwa brashi, futa kwa tambara lenye unyevu na ulitupe. Vijana wa gereji zetu wanapuliza kila siku, na hakuna anayewaambia.

Kisha nusa. Ndiyo, nusa. Oili ya difu ina harufu kali ya kiberiti ambayo mafuta ya breki hayana. Ukiikuta kwenye viatu, sili ya ekseli imekufa, na kazi ya kwanza ni sili. Viatu vilivyolowa oili havioshwi kwa petroli wala havichomwi moto vikapona. Oili imeshaingia ndani ya ngozi, na joto la kwanza litaitoa tena juu.

Viatu vinashikiliwa ubavuni na springi ndogo za kikombe, kila kimoja na pini yake inayotokea nyuma ya sahani. Shika kichwa cha pini kwa kidole nyuma, bonyeza kikombe kwa plaizi, zungusha robo mzunguko, kitaachia. Springi kubwa za kurudishia zivue kwa ndoano au plaizi ya mdomo mrefu, na uvae miwani. Springi ikiruka haichagui. Kikifunguka utaona vipande vyote: viatu viwili, ajasta, fimbo ndefu yenye springi yake, na mkono mdogo wa chuma unaovutwa na kebo. Mkono huo kwenye magari mengi umebanwa kwenye kiatu kimoja kwa pini na klipu ya umbo la C. Viatu vipya dukani haviji nao. Lazima uuhamishe kutoka kiatu cha zamani, na klipu uweke mpya, uibane kwa plaizi. Mafundi wengi hugundua hili wakiwa wameshafunga kila kitu na kebo haina mahali pa kushika.

Jaribu kebo kabla ya kuendelea: mtu avute hendibreki ndani, wewe tazama ncha ya kebo. Isogee laini na irudi yenyewe ikiachiwa. Ikibaki pale ilipovutwa, imeshikwa na kutu ndani ya ganda lake, na viatu vipya vitaungua ndani ya wiki moja kwa kosa lisilo lao.

Safisha sahani mpaka uone chuma. Kuna vipaji vilivyoinuka kidogo, ambapo ubavu wa kiatu unateleza. Kwa Toyota nyingi ni 6. Kama vimechimbika mfereji, kiatu kitanasa humo. Vilainishe kwa tupa. Paka kila kimoja grisi ya breki kiasi cha punje ya mchele, na nyingine kidogo kwenye nyuzi za ajasta na kwenye pini ya mkono. Grisi ya kawaida ya beringi haifai hapa, inayeyuka na kumwagikia viatu. Fungua ajasta yote, isafishe nyuzi kwa brashi ya waya, irudishe ikiwa fupi kabisa. Ya kushoto ibaki kushoto. Springi weka mpya. Springi iliyopata moto miaka kumi imelegea hata kama kwa macho ni nzima, na ikilegea viatu havirudi.

Ukishafunga viatu, vishike kwa mikono miwili uvisogeze juu na chini. Vinatakiwa vikae katikati ya sahani na kurudi kwenye nguzo ya juu kwa kishindo kidogo. Ngozi isiguswe na mikono yenye grisi. Ikiguswa, futa kwa dawa ya breki na upitishe msasa.

Uso wa habu unastahili robo saa yake. Kutu ya unene wa unywele iliyobaki kati ya habu na diski mpya itaifanya diski izunguke ikiyumba, na baada ya kilomita elfu chache pedali itaanza kutetemeka, kisha mtu alaumu diski kuwa ni feki. Brashi ya waya, msasa, tambara. Diski mpya nayo imepakwa mafuta ya kuzuia kutu ndani na nje. Ioshe yote kwa dawa ya breki, pamoja na ndani ya chungu, mahali panaposahauliwa kuliko pote.

Sasa kurekebisha viatu, na hapa naomba msomaji asome polepole, maana hapa ndipo kazi nzima inafaulu au inaharibika. Kwanza nenda ndani ya gari, ulegeze nati ya kebo kwenye mkono wa hendibreki mpaka kebo ilegee kabisa. Rudi nyuma, weka diski, ibane kwa nati mbili au tatu za tairi zenye washa ili ikae wima kwenye habu. Kupitia tundu dogo zungusha ajasta mpaka diski isizunguke kwa mkono. Kisha irudishe meno 8. Hicho ndicho kipimo cha Toyota nyingi. Kwa Subaru ni meno 3 hadi 4. Diski izunguke huru, au kwa mkwaruzo mwepesi unaosikika zaidi ya unavyohisika. Fanya hivyo pande zote mbili. Ndipo urudi ndani ukaze kebo mpaka mkono wa hendibreki ushike kwa mlio 5 hadi 8 ukivutwa kwa nguvu ya kama kilo 20, yaani nguvu ya kuinua ndoo ya maji ya lita 20 iliyojaa. Ziba tundu kwa mpira wake. Kama haupo, tafuta mpira mwingine unaokaza, usiliache wazi.

Kinachofanyika katika gereji nyingi ni kinyume chake. Hendibreki ikipanda juu sana, fundi anakaza nati ya kebo ndani ya gari, dakika tano, kazi imekwisha. Kweli mkono unashuka. Lakini sasa kebo imeuvuta ule mkono mdogo ndani ya ngoma kabla hendibreki haijavutwa, viatu vimeshaanza kugusa, na ajasta bado iko fupi. Gari linatembea likikwaruza, chungu kinapata moto, viatu vinakauka, na baada ya mwezi hendibreki ni mbaya kuliko ilivyokuwa. Dereva anarudi, fundi anakaza tena. Mpaka nyuzi za nati zinaisha, na jiwe linaingia kazini.

Pedi baada ya hapo ni kazi nyepesi. Kabla ya kurudisha pistoni, fungua kopo la mafuta ya breki mbele na utoe kidogo kwa sindano ya plastiki, kwa sababu pistoni ikirudi, mafuta yanapanda, na yakimwagika yanakula rangi ya gari kama maji ya betri. Njia bora ni kuunganisha kipaipu kwenye nipeli ya kalipa, ile skrubu ndogo ya kutolea hewa, kuilegeza, na kusukuma pistoni kwa klampu na kipande cha ubao ili mafuta machafu yatoke nje badala ya kurudi kwenye mtambo wa ABS, ule unaozuia tairi kujifunga ukikanyaga breki. Kisha kaza nipeli kabla hujaachia klampu. Kama kebo ya hendibreki inaingia kwenye kalipa yenyewe, gari hilo si la aina ninayoizungumzia: pistoni yake inarudishwa kwa kuzungushwa, na ukiibana kwa klampu unaivunja. Na kama hendibreki ni ya kitufe cha umeme, usiguse bila kompyuta ya kuiweka katika hali ya matengenezo.

Pini za kalipa zisafishe na uzipake grisi ya silikoni. Grisi ya petroli inavimbisha mipira yake. Badili vibati vya kuongozea pedi kama vipya vimo kwenye boksi. Kile kichuma cha kupiga mlio pedi ikiisha kwa kawaida kinakaa kwenye pedi ya ndani. Boliti za breketi zisafishe nyuzi na uzikaze kwa spana yenye kipimo, kwa namba ya kitabu cha gari.

Nati za tairi nazo zina kipimo: Toyota ndogo na Harrier ni Nm 103, Prado ya 120 na ya 150 ni 112. Asiye na spana ya kipimo ajue kwamba ndoo ile ile ya lita 20 ikining'inia mwisho wa mpini wa nusu mita ni karibu na 103. Mtu mzima anayeruka kwa miguu juu ya spana ya tairi anazidisha mara mbili au tatu, na diski inapinda kwenye habu. Kaza kwa kuvuka, nyota, si kwa kuzunguka.

Kabla ya kuwasha injini, kanyaga pedali. Mara ya kwanza itazama hadi sakafuni bila upinzani wowote, kwa sababu pistoni ziko mbali na pedi. Endelea kukanyaga taratibu mpaka iwe ngumu, kisha tazama kopo la mafuta. Gari lililorudishwa nyuma kutoka uani bila hatua hii linaishia ukutani au barabarani.

Pedi mpya na diski mpya zinahitaji kuzoeana. Tafuta kipande tambarare kisicho na watu, endesha 60 kisha punguza hadi 20 bila kusimama kabisa, mara kumi, ukiacha mwendo wa dakika moja katikati ili zipoe. Viatu navyo vina utaratibu wake wa kiwandani: endesha kwa kilomita 50 kwa saa kwenye njia kavu, bonyeza kitufe cha mkono wa hendibreki usikiachie, vuta kwa nguvu ya nusu ndoo, kilo 10 hivi, tembea mita 400 ukiwa umeivuta, achia, pumzisha, rudia mara mbili au tatu. Anayeiruka hatua hii atalalamika kuwa viatu vipya havishiki. Ngozi mpya na chungu kipya bado havijagusana sawasawa, vinashikana kwenye ncha tu.

Ukirudi, pitisha mkono karibu na kila tairi ya nyuma bila kugusa chuma. Joto la pande mbili lilingane. Upande mmoja ukiwa na moto zaidi, ajasta ya upande huo imebana sana au pini ya kalipa imekwama. Kisha lipeleke gari kwenye mteremko, mtu asiwe mbele wala nyuma yake, mguu ukae juu ya pedali, gia iwe huru, vuta hendibreki, inua mguu taratibu. Jaribu ukiwa umeelekea juu, geuza gari, jaribu tena ukiwa umeelekea chini. Likishika pande zote mbili, imetosha. Baada ya kilomita 100 kaza nati za tairi tena, na kama milio ya hendibreki imezidi 8, rudi kwenye lile tundu dogo la diski kwanza, usiguse nati ya kebo.

Wenye maduka ya spea nao wana sehemu yao. Wanaleta pedi kwa wingi, viatu kwa uchache, na seti ya springi na mipira ya matundu karibu hawaleti kabisa kwa sababu hakuna anayeiuliza. Tukianza kuiuliza, wataileta.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi wa breki,
Mwanga, Kigoma